Mambo ya Nyumbani: Kiatu Laini na Kiatu cha Meno

Mvua za Nyanda za Juu Kusini hazina haraka ya kuondoka. Zikiisha kuanza mwezi wa Novemba au Desemba hukaa nasi mpaka Aprili, na upande wa Tukuyu hupita hata Mei. Muda huo wote njia zetu za milimani, za Umalila na Rungwe, za Kilolo na Mufindi, huwa kama sabuni iliyorowa. Mama ashukaye mtoni na ndoo, mtoto apandaye kilima kwenda shule, babu atokaye nje usiku kwenda chooni, wote hao hutegemea kitu kisichozidi upana wa kiganja, yaani ule upande wa chini wa kiatu. Akianguka mama mwenye mtoto mgongoni, huumia wawili. Akianguka mzee na mfupa wa nyonga ukavunjika, huenda asitembee tena pasipo kushikwa mkono. Kwa hiyo leo tuzungumze habari za soli.

Nenda Mwanjelwa pale Mbeya, au nenda sokoni Iringa mjini, usimame kidogo penye wauza viatu. Muuzaji huokota kiatu, huibonyeza soli kwa kidole gumba, kisha husema, “Ona ilivyo laini mama, hii haitelezi.” Mnunuzi naye hubonyeza, huitikia kwa kichwa, na biashara imekwisha. Sikatai, ulaini una kazi yake. Lakini watu wengi hununua ulaini mahali palipotakiwa meno, na meno mahali palipotakiwa ulaini. Wengine hununua mwezi wa Januari kiatu laini ambacho ifikapo Juni kimekuwa kigumu kama kifuu cha nazi.

Kwanza tujue kwa nini kitu laini hushika. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa, au vigae vya bafuni, kwa macho huonekana sawasawa kabisa, lakini kwa kweli ina vijilima na vijibonde vidogo mno. Soli laini ikikandamizwa na uzito wa mwili huingia katika vijibonde hivyo ikavikamata. Tena yakiwapo maji, huyasukuma kando ikapata kuigusa sakafu yenyewe. Soli ngumu haiingii popote. Hukaa juu ya utando wa maji kama mtumbwi. Ndiyo sababu watoto wa Iringa wapandao mwamba wa Gangilonga kuutazama mji wao hupanda vema kwa raba laini kuliko kwa kiatu cha soli ngumu. Mwamba hauendi popote wala haubonyei, hivyo kazi yote ya kushika ni ya kiatu.

Tope ni habari nyingine. Penye tope, kiatu chaweza kuwa kimeshika barabara, lakini kimeshika udongo wa juu, na udongo huo wenyewe unateleza juu ya udongo wa chini yake. Hata soli yako iwe laini kama sikio la sungura, itakwenda pamoja na huo udongo ilioushika. Sherti kiwepo kitu cha kupenya mpaka kwenye ardhi iliyo imara, kama jembe lipenyavyo. Hiyo ndiyo kazi ya meno. Na meno yenyewe yawe marefu, yenye kingo kali, tena yaachane, na hili la kuachana ndilo watu wengi hawaliangalii. Meno yaliyobanana hujaa udongo katika hatua kumi za kwanza, na soli iliyojaa udongo haina meno tena. Yaliyoachana upana wa kidole huutema udongo kila uinuapo mguu. Wacheza mpira walilijua jambo hili siku nyingi. Tazama njumu zao za uwanja uliorowa, ni chache, ni ndefu, nazo ziko mbalimbali.

Sasa tuvitazame vitu vyenyewe, maana hiyo “laini” ya sokoni si moja.

Raba ya kweli hutoka katika utomvu wa mti. Zamani ilikuwa na ila kubwa. Wakati wa joto ilinata kama ulimbo, na wakati wa baridi ilikakamaa. Watu wa Marekani walionunua viatu vya raba kutoka Brazili waliviona vikiyeyuka katika miezi ya jua na kuwa kama mbao katika miezi ya theluji. Mwaka 1839 Charles Goodyear aligundua kwamba raba ikichanganywa na salfa kisha ikapashwa moto, hupona ugonjwa huo. Tangu hapo raba hubaki raba, jua liwake au sakitu ianguke. Msomaji wa Dar es Salaam aweza kulipuuza neno hili la baridi. Msomaji wa Makete, ambaye mwezi wa Julai huyaona majani meupe alfajiri, asilipuuze.

Plastiki ya viatu vya bei nafuu, na ya mabuti mengi ya mvua, huitwa PVC. Ni jamaa moja na bomba la maji la kijivu lililofukiwa uani pako. Utauliza, bomba gumu vile na kiatu laini hivi vimekuwaje ndugu? Mwaka 1926 Waldo Semon, mkemia wa kampuni ya Goodrich ya Marekani, alipata njia ya kuilainisha plastiki hiyo kwa kuipika pamoja na majimaji mazito mfano wa mafuta, ambayo hubaki ndani yake. Basi ulaini wa PVC ni wa kuazima. Jua kali, joto la moto na kupita kwa miaka huyatoa yale majimaji kidogo kidogo, na kiatu huanza kurudi kwa nduguye bomba. Hukakamaa, hung'aa chini, kisha hupasuka pale mguu unapokunjika. Na hata kikiwa kipya baridi hukikaza. Lichukue buti la plastiki lililolala nje usiku wa Juni pale Uyole, ulikunje alfajiri, kisha ulikunje tena saa saba mchana. Utadhani ni mabuti mawili.

Jambo hili si letu peke yetu. Uko mchezo unaopendwa sana Marekani na Finland, wa kurusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie katika kapu lenye minyororo. Uwanja wake wa kwanza wa kudumu uliwekwa California mwaka 1975. Wachezaji wake hubishana mchana kutwa juu ya kisahani kile cha kurushia karibu na kapu. Mmoja hukitaka laini, kishike vidole vilivyorowa wala kisidunde kikigonga minyororo. Mwingine hukitaka kigumu, maana kile laini huchakaa upesi na kupoteza umbo. Na wachezao wakati wa theluji hulalamika kwamba kisahani kilichokuwa kikikunjika kama ngozi wakati wa joto sasa kimekuwa kama sahani ya bati. Ni mabishano yale yale ya Mwanjelwa. Tofauti ni kwamba wao wakikosa, huokota kisahani. Sisi tukikosa, twaokotana.

Twende kwenye yeboyebo. Nyingi za siku hizi ni za plastiki iliyoumuliwa kwa vijipovu vya hewa kama andazi, na wataalamu huiita EVA. Ndiyo maana ni nyepesi, na ukizitupa majini huelea. Kwa mguu uliochoka hakuna kiatu chenye huruma kuliko hiki, nami sina ugomvi nacho uani. Lakini plastiki hiyo hulika upesi penye kisigino, na vile vimistari vya chini vikiisha hubaki utambarare mtupu, ambao juu ya kigae chenye maji ni hatari kabisa. Joto nalo huifinyaza. Yeboyebo zilizoachwa karibu na jiko, au ndani ya gari lililofungwa juani, hupungua kipimo, na mwenyewe husingiziwa kwamba miguu imekua.

Kushuka mtoni nazo wakati wa masika, ndoo kichwani, ni kujitafutia balaa. Tope likiingia kati ya unyayo na kiatu, kiatu chaweza kuishika ardhi lakini wewe hukishiki kiatu. Ndala zina ila hiyo hiyo. Wanawake wengi wakifika penye utelezi huvua, wakashika viatu mkononi na kupanda peku, na kwa kweli vidole vya mguu ni meno aliyotupa Mungu. Ila katika udongo huo uliorowa ndimo wanamokaa wadudu wa safura, waingiao mwilini kwa kupenya ngozi ya unyayo, na vigae vya chupa havikosi. Afadhali kiatu kilichofungwa nyuma kwa mkanda.

Katambuga zastahili heshima kuliko tunayozipa. Raba ya tairi huchanganywa na masizi, ndiyo maana ni nyeusi, na masizi hayo huifanya isilike upesi. Mtu aweza kuzivaa miaka na miaka. Lakini fikiri jinsi zinavyokatwa. Fundi huikata soli kwa kufuata mzunguko wa tairi, apate ule mpindo wa kuukumbatia mguu, na kwa hiyo mifereji ya tairi hulala kutoka vidoleni kwenda kisiginoni. Mifereji ya namna hiyo huzuia kuteleza ubavuni. Kuteleza mbele haikuzuii, na mtu ashukaye mlima huteleza mbele. Mwambie fundi akukatie mifereji ya kukingama, mitano au sita, penye kisigino na penye vidole. Ni kazi ya dakika chache kwa kisu kikali kilichopakwa maji. Soli ikiwa imekwisha kuwa nyembamba, asikate, itapasuka.

Mwulize tena tairi hilo ni la nyuzi gani. Matairi mengi ya leo yana nyuzi za chuma ndani, namna iliyoanzwa na kampuni ya Michelin ya Ufaransa. Soli ikilika, ncha za waya hutokeza na kuchoma unyayo, na jeraha la namna hiyo katika njia zipitazo ng'ombe laweza kuleta pepopunda. Kabla ya kulipa pitisha kitambaa juu ya soli na pembeni mwake, usipitishe kiganja. Kitambaa kikinasa, ziache.

Na mitumba je? Hapa pana mtego. Unaliona buti zuri, ngozi safi, soli nene tena nyepesi, meno yameachana kama tulivyosema, na bei yaridhisha. Siku ya tatu soli yamegeka kama mkate mkavu, na mwenye buti hurudi nyumbani juu ya ngozi tupu. Soli ya namna hiyo mara nyingi ni ya poliyurethani. Unyevu wa hewa huila polepole hata kiatu kisipovaliwa, hivyo buti lililokaa miaka mingi kabatini huko Ulaya laweza kuwa jipya kwa macho na zee kwa ndani. Ibonyeze soli pembeni kwa ukucha. Ikinata, au alama ya ukucha isipoondoka, au chembe zikibaki chini ya ukucha, mrudishie mwenyewe. Labda ngozi ya juu iwe njema sana na bei iwe ndogo. Hapo waweza kulichukua kwa nia ya kumpelekea fundi alitie soli ya raba, naye aishone, asiibandike kwa gundi peke yake.

Kuijua raba na plastiki mabuti yakiwa yamepangwa pamoja si vigumu sana. Buti la plastiki hutoka katika kalibu moja, hung'aa, na mara nyingi utauona mstari mwembamba uliolizunguka mahali kalibu ilipokutana. Buti la raba huundwa kwa vipande vilivyounganishwa, lina kitambaa ndani, na rangi yake imefifia kidogo. Likunje shingo kisha uliachie. Raba hurudi mara moja. Plastiki hurudi ikisitasita, hasa asubuhi yenye baridi. Yafaa kuyajua hayo hata kwa ajili ya matengenezo. Buti la raba likitoboka, fundi wa baiskeli huliziba kwa kiraka na gundi yake ya siku zote. La plastiki halikubali kiraka hicho, hutaka fundi wa kuliyeyusha kwa chuma cha moto, na mahali palipoyeyushwa huwa pagumu.

Kiatu kipya nacho, hata kiwe cha raba nzuri, huteleza siku za kwanza. Usimlaumu muuzaji. Soli nyingi hutoka kiwandani na uteute wa ile dawa ya kuzuia kunata katika kalibu. Isugue kwa mchanga na maji mpaka mng'ao uishe, ndipo umpe mtoto. Na kama penye duka pana sakafu ya saruji au vigae, omba maji kidogo, uyamwage, usimame juu yake na kuusukuma mguu mbele polepole. Muuzaji akinuna, acha anune.

Ukiniuliza ningegawaje fedha za nyumba yenye watu watano na mfuko wa kiasi, ningeanza na yule achotaye maji na yule alimaye, nao nigewapa mabuti yenye meno yaliyoachana. Hapa sijali sana kama ni raba au plastiki, maana penye tope meno ndiyo bwana. Kwa wale wa Rungwe na Umalila ningeongeza fedha kidogo nipate raba, kwa sababu ya baridi. Mtoto wa shule apewe kiatu cha kufungwa chenye soli ya raba iliyoshonwa. Vile viatu vyeusi vya plastiki tupu vinavyong'aa siku ya kufungua shule ni rahisi kusafisha, lakini akipita penye nyasi zenye umande utamwona anavyotembea kama bata.

Kwa mzee nina neno la pekee, maana hapa ndipo ulaini unapodanganya zaidi. Wana wengi wenye upendo humnunulia bibi kiatu kinene, laini kama godoro, apumzishe miguu. Mzee husimama imara kwa kuisikia ardhi kwa unyayo wake. Soli nene yenye kubonyea humnyima habari hiyo, akawa kama mtu atembeaye juu ya kitanda. Mpe soli nyembamba, ya raba yenye mistari, kisigino kifupi, na mkanda wa nyuma. Ndala za kuburuta asipewe za kwendea chooni usiku, hata akizililia. Na pale mlangoni pa bafu tandikeni kipande cha gunia au mkeka wa raba. Huo nao ni kiatu, ila umevaliwa na sakafu.

Wafanyao kazi penye dizeli na vilainishi, kama katika mashine za mbao za Mafinga au gereji za Mbeya, wasitumie raba ya kawaida. Mafuta hayo huipenya ikavimba na kulegea mpaka meno yakatoke. Kwao PVC ni bora, na kama fedha iko, watafute mabuti yaliyoandikwa kwamba hustahimili mafuta.

Viatu vya plastiki vikiisha kufa, msiwashie jiko. Najua vinawaka upesi na makaa huwa mabichi wakati wa mvua, lakini moshi wa PVC hutoa asidi kali inayochoma macho na mapafu, na sumu nyingine zisizoonekana, na katika jiko lisilo na dirisha watoto ndio waivutao. Vifukieni au vitupwe panapostahili. Raba kuukuu afadhali ikatwe iwe bawaba ya mlango wa banda.

Nayo mabuti yaliyorowa yasianikwe karibu na moto wala juu ya bati lenye jua la saa sita, kwa sababu tulizokwisha kuzitaja. Yaoshe tope likiwa bado bichi, kisha jaza ndani karatasi za gazeti zilizofinyangwa, uyasimamishe barazani penye upepo. Baada ya saa mbili toa karatasi zilizonywa maji, utie nyingine kavu, na ifikapo asubuhi yatavalika. Gazeti hili nalo lafaa kwa kazi hiyo, ila mngoje kwanza baba alimalize.